Viungo Vyangu Vyote

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mwanangu kipenzi,

U mzima? Unakula? Anza kunijibu hilo la pili, maana la kwanza najua utasema ndiyo hata kama umelala na homa. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Sikio la kulia limekufa kabisa, hili la kushoto linasikia likijisikia. Simu nikiiweka sikioni ni kama mtu anachambua mchele kwenye ungo, sipati neno. Ndiyo maana nakuandikia na kumpa kondakta, usione ushamba. Miaka yote niliyosimama kwenye mashine ya kusaga, nilidhani unga ndio utakaoniua kifua, kumbe ngurumo ilikuwa inanila upande wa pili.

Mwanao Chiriku anakusalimu. Jino la mbele limetoka, na anawaambia watu limeenda kukutafuta wewe mjini. Anaongea tangu anafumbua jicho. Mimi namsikia nusu, ile nusu nyingine naijibu kwa kukisia, na tunaelewana hivyo hivyo.

Sasa mama, nisiposema hili litanikaba. Baba yake amepita. Hakuja kwa ubaya, alileta viatu. Lakini alinikumbusha kile kikao. Mtoto akae na mimi mpaka aanze darasa la kwanza. Siku hiyo ikifika, kama wewe una kazi na chumba, mtoto ni wako. Kama huna, anahamia kwake, kwa yule fundi seremala na mke wake mpya. Na shule zinafunguliwa mwezi wa tano. Ulikubali wewe mwenyewe mbele ya watu, mimi nikiwa nimekukanyaga mguu chini ya meza.

Duka ulilokuwa unauza lilipofungwa, ukasema hutaki kaunta nyingine, utajifunza kutengeneza tovuti. Nilimuuliza dereva wa lori la mahindi, tovuti ni nini. Akaniambia ni duka lisilo na mlango na mwenye duka halali. Nikasema basi huyo ni binti yangu. Lakini mwanangu, unasema kozi yenyewe unajifundisha mwenyewe, humo humo chumbani. Mwalimu wewe, mwanafunzi wewe. Nani anakupa alama? Nani anapiga kengele ya kwenda nyumbani?

Mwenye mashine amenichoka, na simlaumu. Mteja anasema kilo kumi, mimi naandika saba. Amesema nafasi yangu ya mizani anaweza kukupa wewe. Kazi hiyo, na chumba changu hiki. Kazi na chumba, mwanangu, viko hapa vinakusubiri. Njoo.

Na ukinijibu, nakuomba usinichanganyie maneno ya kizungu. Barua iliyopita nilizunguka nayo kama mtu anayeuliza njia. Niandikie kwa maneno yetu matupu, nisome mwenyewe polepole. Sitaki barua ya mwanangu isomwe na kondakta.

Mama yako.


Tarehe 19, mwezi wa tatu

Mama yangu,

Shikamoo. Ninakula. Mara moja kwa siku, lakini chakula cha kueleweka. Pole ya masikio. Mwambie Chiriku jino limefika, ninalo, na linasumbua kama mwenyewe.

Mizani siitaki, mama, usinune. Nilikuwa nakuona unavyorudi jioni, kope nyeupe, unaniongelesha kwa kelele kana kwamba nipo ng'ambo ya barabara. Nikija hapo leo, nitatokaje tena? Nivumilie kidogo tu.

Swali lako la kengele limenikaa. Hakuna anayepiga, ni kweli. Nilijipangia masomo mwenyewe, nikayabandika ukutani. Kwanza kupanga ukurasa uonekane. Kisha kuufanya ujibu mtu akiugusa. Kisha chombo kipya ambacho kila mtu anakisifu. Nikiwa katikati, kinatoka kipya zaidi, na wanaofundisha mtandaoni wanasema kile cha jana kimezeeka. Narudi mwanzo. Wakati mwingine nadhani sijifunzi kitu, nakimbiza basi tu, na kila nikilikaribia dereva anaongeza mwendo. Lakini kuna siku, mama, kitu nilichokiwaza kichwani kinatokea mbele yangu kama nilivyokiwaza. Siku hiyo nasahau njaa.

Kuna ofisi inatafuta mtu, usaili ni mwezi ujao. Wanataka waone kazi ya mikono yangu. Nami juzi nilitaka kuwa wa kisasa, nikahamia kwenye mtindo mpya kabisa, na sasa niko katika hali mbaya. Viungo vyangu vyote vimevunjika. Vyote, mama. Unagusa kimoja hakikupeleki popote, unagusa kingine hakina uhai. Nilikaa sakafuni nikalia. Sasa naviunga upya, kimoja kimoja, kwa mkono, hakuna wa kunisaidia. Sitoki nje mpaka niviweke sawa.

Usimwambie fundi lolote. Mbusu Chiriku, hata akikataa.

Mwanao.


Tarehe 26, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi nikiwa kazini. Nimeisoma mara tatu, nikidhani nimekosea herufi. Sikukosea.

Kwa nini hukusema mwanzo wa barua? Unaanza na jino la mtoto, kumbe huwezi kuinuka. Nani alikusukuma, au ni pikipiki? Na unajiunga mwenyewe kwa kitu gani? Usijifunge na vijiti, usijivute, usimruhusu mtu akukande. Lala hivyo hivyo ulivyo.

Nakuja. Basi la kesho alfajiri. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo ili ujue uko na mtu. Mwenye mashine amenipa ruhusa bila kuuliza, amenitazama uso tu. Mtoto nampeleka kwa fundi anishikie. Nitamwambia ukweli, ni baba yake, na wakati kama huu watu hushikamana.

Kama huwezi kufika mlangoni, piga ukuta, jirani afungue.

Mama yako.


Tarehe 9, mwezi wa nne

Mwanangu,

Nimerudi salama. Miguu imevimba kidogo. Wewe je, umelala hata kidogo tangu niondoke?

Nilikuwa sitaki kuyaandika haya, ila kila nikifumba macho nauona mlango wako. Umefungua, umesimama kwa miguu yako miwili, na mimi nikakushika magoti kabla ya kukushika mkono. Nakubinya viwiko, nakubinya mabega, wewe unauliza, "Mama, vipi, mama?" Nikakuonyesha barua. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukanionyesha kwenye kompyuta yako, ile uliyoipandisha kwenye matofali isipate joto, yale maneno ya rangi ya bluu ambayo mtu akiyagusa yanampeleka ukurasa mwingine. Ndivyo viungo hivyo. Nami nikacheka, kwa furaha kwamba mifupa yako ni mizima. Kisha ukauliza, "Chiriku umemwacha na nani?" Nikakujibu. Hapo kicheko chako kikakatika, ukainuka kwenda kuchemsha maji.

Ulijua. Mimi sikujua, nilijua niliporudi.

Nilishuka njiani, stendi ya kwao, nikaenda moja kwa moja mpaka karakana kwake. Chiriku alikuwa amekaa kwenye rundo la mbao na sare mpya ya shule. Fundi akaniamkia vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia, "Baba, nimekuja kumchukua mtoto, mama yake ni mzima, nilisoma vibaya." Nikamweleza viungo ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata hakutabasamu.

Akasema, "Mama, namshukuru Mungu kwamba ni mzima. Kazi je?"

Nikajifanya sijasikia. Masikio haya yana faida hiyo moja. Basi akarudia kwa sauti, wale mafundi wenzake wakazima msumeno, ikawa karakana nzima inasubiri nijibu. "Kazi amepata, mama? Ana kazi?"

Nikasema anaitafuta.

Akasema, "Mimi sikuja kumchukua. Nilikaa nikasubiri kama tulivyoagana. Umemleta mwenyewe, kwa mkono wako, ukasema mama yake hajiwezi. Nimeshamwandikisha shule. Nimemtengenezea kitanda. Nimtoe leo, mwezi ujao nimrudishe? Huyu ni mtoto, si ubao wa kupeleka na kurudisha."

Ningekuwa na hasira ningemjibu. Lakini mwanangu, kitanda nilikiona. Amekichonga pembeni, amekipiga msasa hata mkono hauchomwi. Nilimwomba, hiyo nilifanya, nilimwomba mpaka mama mzazi wa fundi akatoka ndani akaniinua. Mtoto ananiuliza, "Bibi, viatu vyangu niweke mfukoni?" Nikamwambia asubiri kidogo. Kisha nikaondoka nikiwa naangalia mbao, sikumwangalia yeye.

Mimi ndiye niliyekuomba uandike kwa maneno yetu. Ungeandika kwa kizungu ningeenda kumuuliza mtu, na mtu angenicheka, basi. Nimeligeuza hilo mpaka kichwa kinauma.

Nimeiona kazi yako kwa macho yangu. Nimeona ukuta wako ulivyojaa makaratasi, nimeona unavyoongea na kile kioo kama mtu anayembembeleza mbuzi. Sitasema tena unacheza. Lakini mtoto hayupo hapa. Chumba kimekuwa kimya kwa sikio hili zuri pia. Njoo, mwanangu. Mizani bado ipo. Ukiwa na kazi na chumba, fundi hana neno, amesema mwenyewe.

Nijibu upesi.

Mama yako.


Tarehe 30, mwezi wa nne

Mwanangu,

Kondakta anasema barua yangu alikukabidhi mkononi, na kwamba uliipokea ukaufunga mlango. Hivyo najua upo. Umenikasirikia, na una haki. Kasirika, ila andika. Hata mstari mmoja wa kunitukana.

Sasa nipo huku kwa fundi. Usishtuke. Mama yake alinifuata kwenye mashine, akanivuta nje kelele zilikopungua kidogo, akasema, "Mwenzangu, mtoto haongei." Nikadhani masikio yangu. Akarudia. Chiriku haongei. Anaitika akiitwa, anakula akipewa, anatumwa dukani na kurudi, lakini neno la kwake mwenyewe halitoki. Mke wa fundi analia jikoni, anafikiri ni yeye kamkosea. Si mwanamke mbaya, yule. Mdogo tu, na ameogopa.

Basi nimekuja. Nimepewa godoro chumba kimoja na mtoto. Usiku ananishika sikio lile bovu, analikunjakunja, hasemi kitu. Mimi namsimulia habari zako. Nimemwambia unajenga duka lisilo na mlango. Alinitazama sana. Nadhani alitaka kuuliza tunaingilia wapi, lakini hakuuliza.

Kazi nimeiacha. Mwenye mashine amesema nafasi anakushikia mpaka katikati ya mwezi wa tano, zaidi ya hapo ataweka mtu wake. Ufunguo wa chumba uko kwa muuza mkaa wa jirani.

Sijui kuandika barua nzuri ya kumvuta mtu. Ningejua ningeiandika hii. Huyu mtoto anazimika, mwanangu, nami nimekaa nimemshika na sina cha kumpa. Mimi si wewe.

Mama yako.


Tarehe 12, mwezi wa tano

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Sikukukasirikia. Nilikuwa nimebakiza usaili, nikajiambia nikiupata nitakuandikia barua moja tu yenye habari njema, na nikiwa na habari njema nitakwenda mwenyewe kwa fundi na kumgongea. Kila nilipoanza kukujibu bila hiyo habari, kalamu ilikataa.

Usaili nilikwenda. Nilivaa gauni lile la bluu. Walikuwa watatu, vijana kunishinda. Niliwafungulia kazi yangu, viungo vyote vikafanya kazi, hata kimoja hakikunitia aibu. Walipenda. Mmoja akasema, "Dada, umejifunza wapi?" Nikasema peke yangu. Akatikisa kichwa kwa heshima, mama, niliona. Kisha akaniuliza, mtu asiyeona akitumia tovuti yako anafanyaje? Mtu ambaye kompyuta inamsomea kwa sauti.

Sikuwahi hata siku moja kujiuliza. Sikulisoma somo hilo nikalisahau, hapana, sikujua kwamba lipo. Wakaniuliza mawili mengine, nayo hivyo hivyo. Wakasema nina kipaji, nikayasome hayo, nirudi baada ya nusu mwaka.

Nimekaa nikaifikiria kozi yangu yote. Nilikuwa najivunia kwamba nilijichagulia mwenyewe cha kusoma. Lakini mtu anayejichagulia anachagua katika vile anavyoviona. Vile nisivyoviona sikuwa na wa kuniambia, "Wewe, umeruka hapa." Nilikimbilia kila kipya kilichotoka, na nyuma yangu nikaacha mashimo ambayo mwanafunzi wa darasani angezibiwa wiki ya kwanza. Uliniuliza nani ananipa alama. Nimezipata, mama. Zilikuwa nzuri kiasi. Ningekuwa na hiyo nusu mwaka, ningeyaziba.

Sina. Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mkunjo umechanika.

Kompyuta imebaki kwa mwenye nyumba, deni la kodi tumelimaliza hivyo. Makaratasi ya ukutani nimeyabandua. Kesho napanda basi. Nitashukia kwenye mashine kabla hata sijakwenda kwa muuza mkaa. Mwambie fundi nina kazi, na nina chumba. Usimwambie ni kazi gani mpaka aulize. Akiuliza, mwambie.

Mlete Jumamosi.

Mwanao.


Tarehe 17, mwezi wa tano

Mwanangu,

Umefika salama? Muuza mkaa alikupa ufunguo bila maneno mengi? Kitasa kinakwama, unakiinua kidogo ndipo unazungusha. Sufuria kubwa iko chini ya kitanda. Kula.

Barua yako nilimsomea fundi mwenyewe, palepale karakana, yote, hata ile sehemu ya nisimwambie. Sikuwa na nguvu ya kuruka maneno. Alikuwa amechomeka penseli sikioni, akaitoa, akaigeuzageuza. Akasema, "Nilisema kazi na chumba. Sikusema kazi gani." Baadaye kidogo akasema, "Alikuwa amefika karibu hivyo?" Nikasema ndiyo, karibu hivyo. Akarudi kwenye randa yake. Aliranda ubao mmoja muda mrefu mpaka nikaona atauchakaza. Kitanda anakileta kwa lori la mahindi, amesema ni cha mtoto, si cha nyumba.

Sasa nikuambie la moyoni, kisha tusilizungumze tena.

Nimekuomba uje tangu mwezi wa tatu. Nimekuomba kwa barua, nimekuomba nimekushika magoti. Na sasa umekubali, nami nilitoka nje nikakaa kwenye vumbi la mbao nikalia, mama yake fundi akaniletea maji, akaniuliza, "Si ndilo ulilokuwa unalitaka?" Nikamwambia ndilo. Nilikuwa nimechukua karatasi nikuandikie usiende kwenye mashine ile, urudi mjini, nusu mwaka si mbali, mimi nitakaa na mtoto popote, nitalala hata mlangoni kwa watu. Niliandika mpaka nusu. Ningeipeleka, mwanangu. Niliinuka niende nayo stendi.

Lakini mke wa fundi alikuwa ameshamwambia mtoto. Nilimkuta Chiriku mlangoni. Amefunga nguo zake zote kwenye shuka, amefunga mafundo matatu, amekaa juu yake. Leo si Jumamosi. Tumemwambia si leo, tumembembeleza ale ndani, hataki kuinuka. Watu wanapita wanamruka. Nikainama kumsikia, maana midomo ilikuwa inacheza, na kwa sikio langu hili nikasikia anaongea. Anahesabu vitu atakavyokuambia. Alikuwa hajafika mwisho.

Ile karatasi nimeitia kwenye jiko wanalochemshia gundi ya mbao.

Tunakuja Jumamosi, basi la kwanza.

Mama yako.